Kutu Mikononi Siku ya Posa

Jamani, leo nimeadhirika. Sikujikwaa, wala sikusukumwa na mtu. Nimeadhirika nikiwa nimekaa mkekani, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, naombewa dua.

Nawaandikia ninyi wa baraza la kahawa kwa sababu jioni hii sitoki. (Najua. Hata siku nyingine sitoki. Lakini leo nina sababu.) Chande awasomee maana ana sauti, ila asiongeze chumvi. Iliyomo inatosha. Nataka mpate habari yangu kabla hamjaipata ya shangazi yangu, Bi Mwanaidi. Ya kwake itakuwa na nyimbo.

Mnajua nimeposa kwa Mzee Salim, yule mwenye duka la viungo Mtaa wa Sikukuu. Nimemposa binti yake, Zuhura. Na mnajua jibu lilikuwa litolewe leo Jumapili, baada ya sala ya adhuhuri. Msichokijua ni habari ya Kobe.

Kobe (jina nimelipa mimi) ni gari la Mzee Salim. Gari la Kiingereza, la zamani, mgongo mviringo, taa kama macho ya mtu aliyeshtuka. Ndilo lililomchukua mama yake Zuhura, Mungu amrehemu, siku ya harusi yake. Vipuri vilipoadimika likaegeshwa, na tangu hapo limelala kwenye ua wa Mama Eliya, yule mama wa Kichaga anayeuza vitunguu na ndizi kwa jumla mtaa wa nyuma. Limelala likaota kutu. Milango kutu, boneti kutu, na fremu ya chini unaibandua kama magamba ya samaki. Siku tulipopeleka posa, Mzee Salim alisema neno moja, anaangalia mkeka: "Ningependa Zuhura naye atoke kwa gari la mama yake. Lakini lile gari limekwisha."

Mtu mwenye akili angesema pole. Mimi nikapata wazo. (Ni wazo langu la kwanza tangu nimalize kidato cha nne. Ningelikataa.)

Wazo lenyewe lilikuwa hivi: nimng'arishe Kobe kwa siri. Jibu likishatolewa, dua ikishasomwa, niseme kwa sauti ya upole, "Baba, naomba mnifuate." Niwapeleke uani, nivute turubai. Watu walie. Mimi nisimame pembeni, mnyenyekevu.

Msasa dukani hakuna. Rangi ya kuzuia kutu hakuna, kila duka "pita wiki ijayo." Lakini kemia nilisoma, na asidi inakula kutu, na asidi Kariakoo iko tele: ndimu na ukwaju. Bibi zetu sinia za shaba wanasugulia nini? Basi nikawa nanunua ndimu kikapu, nanunua ukwaju, naukoroga uji mzito, nampaka Kobe mwili mzima, nauacha unyonye, halafu nasugua kwa kumbi la nazi na mchanga. Kila jioni nikitoka kazini. Mimi! Mimi ambaye chumvi ikiisha nyumbani naona bora nile mchuzi bila chumvi kuliko kuvuka barabara.

Siri lakini inataka uongo, na uongo unataka kumbukumbu.

Mzee Pazi, balozi wetu wa nyumba kumi, alinisimamisha na kikapu changu. "Ndugu Rajabu, ndimu zote hizi za nini? Usije ukawa mlanguzi."

"Nina mafua, mzee."

Mzee Salim mwenyewe, maana ukwaju nilikuwa nanunua dukani kwake (mzuri ni wa kwake, nifanyeje?), alinitazama juu ya miwani. "Mwanangu, ukwaju tena?"

"Tumbo, baba. Limefunga."

Akanionea huruma, akaniongezea fungu la bure. Tangu hapo nikipita tu ananiita mbele ya wateja: "Rajabu! Leo vipi, limefunguka?" (Mkwe mtarajiwa akawa anajua habari za choo changu kuliko daktari.)

Aliyejua ukweli ni Mama Eliya peke yake, kwa kuwa ufunguo wa ua ni wake. Nilimwapisha. "Mama Eliya, mtu asijue. Hata wakikubana, sema hujaniona."

Akajipiga kifua. "Aisee Rajabu, mimi nikishika siri nimeshika. Wanibane na koleo!"

Maneno hayo myaweke akiba.

Jana jioni nikamaliza. Wallahi mngeliona! Chuma cheupe, kinang'aa kama sinia la pilau. Nikalimwagia maji ndoo kwa ndoo ukwaju wote utoke, nikalifunika turubai huku linachuruzika, nikaenda kulala kama sultani.

Leo asubuhi naamka, najinyoosha, jua limepiga dirishani. Naiona mikono.

Viganja vyote viwili vyekundu, wekundu wa kahawia. Kucha nazo. Nikatupa shuka nikaangalia miguu. Jioni nyingine ilitoka kwa maji, lakini jana nilisugua pekupeku mpaka giza, maji yote ya kutu yananipita nyayoni. Nyayo nazo! Mpaka kwenye vifundo! Si uchafu, ndugu zangu. Uchafu ungetoka. Hii ilikuwa imeingia na kukolea. Kwa macho ya mtu yeyote aliyelelewa Kariakoo, hii ilikuwa hina. Tena hina ya mtu aliyepakwa na wanaojua.

Na kwetu mwanamume hajipaki hina kwa kupitisha wakati. Anapakwa siku ya harusi yake.

Sabuni ndani hamna. Ile tuliyoipangia foleni ilikwisha zamani. Nikasugua kwa majivu. Ikang'aa. Nikasugua kwa mchanga. Ikang'aa zaidi. Nikasugua kwa ndimu (ndimu! iliyonitia humo!) na sasa ikawa imenawiri hasa. Sabuni ingekuwepo dukani, kisa hiki kisingekuwepo.

Shangazi akaingia na chai.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mikono nyuma ya nini?"

"Basi tu."

"Ilete."

Nikaileta. Chai ikaenda sakafuni.

"Umeoa wapi?"

"Sijaoa! Ni kutu, shangazi!"

"Kutu ya nini?"

Hapa ningesema kweli. Lakini shangazi yangu ukimwambia siri kabla ya chai, chai ikipoa siri iko Ilala. "Ya kazini," nikasema. "Yale makasha ya chuma."

"Wewe kazini unashika kalamu."

"Kalamu nayo..."

"Nyamaza." Akakaa kitandani, akafikiri, akaniangalia kama anavyoangalia nazi iliyooza. "Sikiliza. Iwe kutu, iwe mwanamke, mikono hiyo leo mtu asiione. Nimeshapata kanga ya harusi, na nimeipata kwa foleni."

Tukafanya mpango. Kanzu ya mikono mirefu, ile ya marehemu mjomba aliyekuwa jitu. Na soksi zangu nyeusi za shule, maana viatu vinavuliwa mlangoni. Moja ina tundu kwenye kidole gumba. Nikaamua nitakikalia.

Tukaenda. Njia nzima naomba kimoja tu: jibu lipatikane, dua isomwe, nifike kwa Kobe. Nikifika kwa Kobe nimepona.

Kwa Mzee Salim wanaume tukakaa sebuleni mkekani, wanawake nyuma ya pazia: shangazi, Mama Eliya aliyealikwa kama jirani, na Zuhura mwenyewe. Pembeni ya Mzee Salim alikaa kaka yake mkubwa kutoka Tanga, Ami Said, ndevu nyeupe, macho ya mwewe. Nikawapa wazee mkono wa salamu kupitia kitambaa cha kanzu, kama mtu anayeipua sufuria.

Ami Said akatikisa kichwa. "Kijana ana haya."

"Ana tumbo," akasema Mzee Salim, kwa upole kabisa.

Kahawa ikaja. "Asante, tumbo." Halua ikaja. (Halua ya kwao! Ile inayovutika!) "Asante, tumbo." Mzee Salim akawaambia wamwache mtoto wa watu. Uongo wangu ukanibeba kama mkokoteni, nami nikaanza kuamini utanifikisha.

Mzee Pazi ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Mzee Pazi kwenye posa anahutubia kama yuko mkutano wa kijiji. Alianza na umoja, akapita kwenye kilimo cha mihogo, akakemea wavivu, akafika kwenye ndoa amechoka. Mimi mikono kwapani, nimekalia kidole gumba, mguu umekufa ganzi, jasho linashuka mgongoni. Nikapata wasiwasi jasho nalo litatoka jekundu.

Hatimaye Mzee Salim akakohoa. "Tumewasikia. Binti tumemuuliza. Amekubali."

Nyuma ya pazia kigelegele kikaanza, kikazibwa mdomo. Nikamsikia shangazi anashusha pumzi. Nikashusha yangu. Imekwisha! Bado kunyanyuka tu!

"Basi," akasema Mzee Salim, "tusome Fatiha tulifunge."

Na wote wakainua mikono, viganja wazi.

Jamani. Soksi niliifikiria. Salamu niliifikiria. Halua niliifikiria, nikaililia. Dua sikuifikiria! Posa isiyo na dua iko wapi? Na bwana asipoinua mikono kwenye dua ya ndoa yake mwenyewe, si amekataa?

Nikainua ngumi mbili.

Ami Said akafungua jicho moja. "Fungua mikono, mwanangu. Dua haipokewi kwa ngumi."

Nikafungua.

Dua ikakatika katikati. Nilisikia nzi anatua kwenye halua.

"Hii nini?" Ami Said akauliza.

"Kutu, ami."

"Kutu." Akamgeukia mdogo wake. "Salim, huku kwenu Dar kutu inapakwa mpaka kwenye kucha?" Kisha macho yake yakashuka. Katika kuhangaika na mikono nilikuwa nimekisahau kidole gumba. Kimechungulia nje ya tundu, chekundu, kinashangaa watu. "Vua soksi."

Nimewahi kuona watu wanavuliwa madaraka. Kuvuliwa soksi mbele ya wakwe ni mimi wa kwanza.

Mzee Pazi alipoziona nyayo akaruka. "Kumbe zile ndimu! Uliniambia mafua!"

"Hina inakorogewa nini?" Ami Said akauliza chumba kizima, kama mwalimu.

"Ndimu," chumba kikajibu.

"Na nini tena ikitakiwa ikolee?"

Mzee Salim alikuwa ameshafika peke yake. "Ukwaju," akasema polepole. "Ukwaju wangu. Rajabu, mimi nakuombea tumbo lako kwenye sala, nakuongezea fungu la bure, kumbe unakwenda kumkorogea hina mwanamke mwingine?"

Nyuma ya pazia shangazi akaona anisaidie. "Mimi asubuhi kaniambia ni kutu ya kazini!"

"Kazini anashika nini?" Ami Said akauliza pazia.

"Kalamu!" (Ahsante, shangazi. Mungu akuzidishie.)

"Wake wawili si haramu," akasema Ami Said. "Lakini kuoa Jumamosi na kuposa Jumapili, hiyo ni pupa."

Mzee Salim hakucheka. Hiyo ndiyo iliyoniua. Alishusha sauti mpaka ikawa ya watu wawili. "Rajabu. Binti yangu hana mama. Aliyebaki kumwangalia ni mimi. Niambie kwa mdomo wako, kabla sijanyanyuka kwenye mkeka huu: hina hiyo umepakwa kwa nani?"

Nikaliangalia pazia. Halikutikisika. Zuhura ninayemjua angekuwa ameshasema neno, hata la kunitukana. Pazia halikutikisika kabisa.

"Kwa Kobe!" nikapayuka.

"Kobe ni nani?" Ami Said akauliza. "Wa ukoo gani?"

"Ni gari! Gari la baba! Nimekuwa nasugua kutu yake kwa ndimu na ukwaju, kila jioni, uani kwa Mama Eliya! Nilitaka Zuhura atoke nalo!"

Mzee Salim akakunja uso. "Shahidi wako nani?"

Shahidi! Nilikuwa naye! "Mama Eliya!" nikaita, nimepata uhai. "Mama Eliya, waambie nilikuwa wapi jioni zote hizi!"

Pazia likafunguka kidogo. Uso wa Mama Eliya ukatokea. Ukanitazama. Ukanikonyeza.

"Nani? Huyu?" akasema. "Huyu sijamwona tangu Krismasi."

"Mama Eliya!"

"Uani kwangu haingii mtu. Ufunguo ninao mimi." Akanikonyeza tena, kwa jicho la pili.

"Mama Eliya, nimekuruhusu! Sema sasa!"

"Wanibane na koleo," akasema Mama Eliya, akarudi nyuma ya pazia, ameridhika na nafsi yake.

Kilichobaki ni miguu. "Basi twendeni!" nikasema. "Twendeni mkaone kwa macho yenu!"

Tukatoka wote. Wazee wa kanzu mbele, mabuibui nyuma, mimi pekupeku katikati kama mwizi aliyekamatwa na mali yake. Mchukuzi mmoja akasimamisha mkokoteni wa magunia atupishe, akaniona mikono na miguu, akapiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Hongera bwana harusi! Imekolea!"

Ami Said akamwitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepata shahidi mwingine.

Lakini kadiri tulivyokaribia, ndivyo nilivyopata nguvu. Nikaanza kutembea mbele. Nikaikumbuka hotuba yangu. Chuma cheupe! Sinia la pilau! Watajuta na machozi yatawatoka, na mimi nitasamehe, maana mimi ni mtu wa kusamehe.

Mama Eliya akasita na ufunguo. "Una hakika?" akaninong'oneza. "Siri yako je?"

"Fungua, mama, nakuomba."

Nikasimama mbele ya turubai. Nikainua mikono yangu myekundu juu, sifichi tena. "Wazee wangu, mlitaka kujua hina yangu nimepakwa wapi. Tazameni chuma kilivyotakata."

Nikavuta turubai.

Kobe alikuwa mwekundu, wekundu wa kahawia.

Pua mpaka mkia. Milango, boneti, mabampa, mpaka kwenye vishikio. Si ile kutu ya zamani ya magamba. Hii ilikuwa mpya, changa, laini, imeenea sawasawa kama imepakwa kwa mkono. Chuma kitupu, kimelowa maji, kimefunikwa turubai, kimelala na joto la Dar usiku kucha. Kutu si lazima iote? (Habari ya maji na chuma nayo iko kwenye kemia. Siku walipoifundisha nadhani nilibaki nyumbani.)

Hata kuku wa Mama Eliya walitulia.

Mzee Salim akasogea. Akanishika mkono wa kulia, akaulaza kiganja juu ya mlango wa gari. Akauangalia mkono. Akauangalia mlango. Ilikuwa rangi moja, huwezi kuona mkono umeishia wapi na mlango umeanzia wapi. Akapitisha kidole chake juu ya boneti, kikatoka chekundu. Akakinusa.

"Ukwaju wangu," akasema.

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikaanza kumpa pole. Mzee alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akaegemea bampa na kanzu yake nyeupe, nayo ikapakwa hina. Mzee Pazi akakaa juu ya gunia la vitunguu. Ami Said akajifuta macho kwa ncha ya kilemba: "Salim, bibi harusi tumemwona. Mnene, lakini wa heshima."

"Sasa naweza kusema?" Mama Eliya akauliza.

"Usiseme!" nikamwomba. Nilijua kilichobaki.

"Alikuwa hapa kila jioni," akasema Mama Eliya, koleo limeshalegea. "Anasugua huku anaimba. Tena analiongelesha. Analishika mlango hivi, analiambia, 'Zuhura wangu, geuka kidogo, nikufikie mgongoni.'"

Naomba nisieleze kicheko kilichofuata. Wachukuzi walikuja kuchungulia. Mtu alipanda juu ya ukuta.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya mabuibui, ndogo, imebanwa na kicheko. "Baba."

Wote wakageuka.

"Mwambieni neno langu lipo palepale," akasema Zuhura. "Lakini sipandi gari lililotiwa hina kabla yangu. Alisugue upya."

Kigelegele hicho sasa hakikuzibwa na mtu.

Dua ilimaliziwa palepale, kati ya Kobe na vitunguu. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa juu kuliko yote, wazi kabisa, na nadhani ilionekana mpaka Posta. Mzee Salim alisema Amin, kisha akaniwekea mkono begani: "Siku ya harusi, mwanangu, wewe hina hatukuletei. Na ukwaju, ukija tena dukani, sema ni wa nini." Mzee Pazi ameahidi kunitafutia kipande cha sabuni. Ami Said anaulizia kama Kobe ana dada.

Sasa niko chumbani, mlango nimefunga, kalamu inateleza kwenye kiganja chekundu. Nje wamepita watoto wawili wakasema hongera.

Msinicheke, jamani. Na anayeshindwa kujizuia, kicheko hicho asikimalizie barazani: kesho jioni akilete uani kwa Mama Eliya, na kumbi lake la nazi mkononi.